XCMS, MZmine au MS-DIAL: uchague ipi kwa data za metabolomiki?

Faili za metabolomiki, yaani upimaji wa molekuli ndogo za kiumbe, zimetoka kwenye mashine ya LC-MS (kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo), ni gigabaiti kadhaa, na sasa zinatakiwa zigeuzwe jedwali moja: sampuli upande mmoja, molekuli upande wa pili, na kiasi cha kila moja katikati. Programu huria tatu ndizo zinazotajwa zaidi kwa kazi hiyo. XCMS ilitoka mwaka 2006 katika taasisi ya Scripps, Marekani, nayo huendeshwa ndani ya R. MZmine nayo ilichapishwa 2006, na toleo la 3 likachapishwa 2023. MS-DIAL ilitoka 2015 katika taasisi ya RIKEN, Japani. Zote tatu hutafuta vilele kwenye kromatogramu (mchoro wa ishara dhidi ya muda), huoanisha vilele vya sampuli mbalimbali, kisha hujaza mapengo. Ukizipa faili zilezile, orodha zake zitafanana kwa sehemu tu, na tofauti kubwa hutokana na mipangilio kuliko jina la programu.

Katika makala haya, "alama" ni jozi ya m/z (uwiano wa tungamo na chaji) na muda wa kutoka kwenye kolamu. Alama si molekuli. Molekuli moja inaweza kuleta alama tano au zaidi, na anayesahau hilo huripoti molekuli elfu nne mahali palipo na mia chache.

## Tunapima kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza ni mtu: nani ataiendesha kazi hii, na je, mwaka ujao atakuwepo mwingine wa kuirudia? Cha pili ni aina ya data. Je, una MS1 peke yake, yaani ayoni zisizovunjwa? Una MS2 (vipande vya ayoni zilizovunjwa) ya DDA, ambapo mashine huchagua ayoni chache zenye nguvu na kuzivunja? Au una DIA, ambapo huvunja kila kitu kilichopita kwenye dirisha? Pengine ni GC-MS, inayotumia kromatografia ya gesi, ambayo ina mambo yake. Cha tatu ni kompyuta iliyopo. Cha nne ni namna programu inavyokusaidia kutaja molekuli kwa jina. Cha tano, ambacho wengi hukikumbuka siku mhakiki wa jarida anapouliza, ni kama hatua zote zimeandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzirudia bila kukupigia simu.

## Hatua isiyotegemea chaguo lako

Faili za watengenezaji wa mashine zigeuze kuwa mzML kwa msConvert ya ProteoWizard. MS-DIAL ina pia umbizo lake la ABF, lakini mzML inasomwa na zote tatu, kwa hiyo inakuachia mlango wazi wa kulinganisha. Data iwe ya sentroidi, yaani kila kilele cha m/z kiwe kimefupishwa kuwa mstari mmoja. Katika msConvert, kichujio cha peakPicking lazima kiwe cha kwanza kwenye orodha. Kikitanguliwa na kingine, njia ya mtengenezaji haitumiki, na unapata sentroidi dhaifu bila onyo la kukushtua. Kusoma faili za watengenezaji hufanyika kwenye Windows. Anayetumia Linux ana kontena ya Docker yenye Wine ndani yake.

Baada ya kugeuza, fungua faili mbili tatu kwa macho. Tafuta ayoni unayoijua na upime upana wa kilele chake kwa sekunde, kuanzia kinapoinuka hadi kinapotua. Namba hiyo moja, pamoja na urefu wa kilele dhaifu kabisa unachotaka kukibakiza, itakuongoza kwenye programu yoyote utakayoichagua.

## XCMS

Kazi inavyokwenda. Unaandika skripti ya R. Pakiti inapatikana Bioconductor, hazina ya pakiti za R, na mfuatano wake ni mfupi: findChromPeaks, adjustRtime, groupChromPeaks, fillChromPeaks, kisha featureValues inakupa jedwali. Njia inayotumika zaidi kutafuta vilele ni centWave, na hapo ndipo penye mtego. Mpangilio wa peakwidth umewekwa sekunde 20 hadi 50, namba za enzi za HPLC ya kawaida. Kwenye UHPLC, kromatografia ya shinikizo kubwa zaidi, ambako vilele vina upana wa sekunde 5 hadi 12, ukiacha hivyo utapoteza vilele vyembamba, na vilivyo jirani vitaunganishwa kuwa kimoja. Jaribu 3 hadi 15, kisha angalia.

Mpangilio wa ppm (sehemu kwa milioni) nao hueleweka vibaya. Katika centWave haumaanishi usahihi wa mashine dhidi ya tungamo halisi. Unamaanisha m/z inaruhusiwa kuyumba kiasi gani kutoka skani moja hadi nyingine ndani ya kilele kilekile, na pembezoni mwa kilele ambako ishara ni dhaifu huyumba zaidi. Anayeweka 3 kwa sababu mashine yake ina usahihi wa 3 ppm hukata vilele vyake mwenyewe vipande. Mara mbili hadi nne ya usahihi huo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye groupChromPeaks, bw (upana wa kuoanisha kwa muda, kwa sekunde) ya 30 nayo ishuke hadi 2 au 5 kwa UHPLC, la sivyo molekuli mbili zenye m/z moja zilizotofautiana kwa sekunde kumi zitawekwa kwenye kapu moja.

Kuna njia nzuri ya kujaribu kabla ya kuendesha faili zote: toa kromatogramu ya ayoni unayoijua kwa chromatogram(), kisha endesha findChromPeaks juu ya hiyo peke yake. Punguza snthresh (kizingiti cha ishara dhidi ya kelele) kwa jaribio hilo tu, maana kelele inakadiriwa kutoka kwenye data kidogo na kilele kizuri kinaweza kukataliwa.

Kompyuta. Inaenda Windows, Mac, Linux na seva. Inafanya kazi kwa wafanyakazi kadhaa sambamba kupitia BiocParallel, na kila mfanyakazi anakula kumbukumbu yake. Kompyuta ya GB 8 inapokwama, chanzo mara nyingi ni hicho. Sajili SerialParam(), inayoendesha faili moja moja, na uwe na subira.

Kutaja majina. Hapa XCMS ni dhaifu ikiwa peke yake. Inahitaji pakiti nyingine kama CAMERA, Spectra na MetaboAnnotation. Kazi inawezekana, ila unaijenga kwa mkono wako.

Kurudia. Ndiyo nguvu yake kubwa. Skripti ni kumbukumbu kamili. Ongeza sessionInfo() mwishoni, tunza matoleo ya pakiti kwa renv, na mtu yeyote atafika palepale ulipofika.

Inamfaa anayejua R au aliye tayari kujifunza kwa mwezi mmoja au miwili, mwenye sampuli mamia, au anayetaka uchakataji na takwimu zikae kwenye faili moja. Haimfai mwanafunzi mwenye wiki tatu za kumaliza tasnifu ambaye hajawahi kufungua R.

## MZmine

Kazi inavyokwenda. Ina madirisha na vitufe, na ubora wake ni kwamba unaona kinachotokea. Ukibadilisha mpangilio, onyesho la awali linakuonyesha papo hapo kilele kimekatwaje. Kwa anayejifunza, hakuna mwalimu bora. Hatua ni nyingi kuliko za XCMS: kutambua tungamo, kujenga kromatogramu kwa ADAP, kutenganisha vilele kwa njia ya kima cha chini cha karibu, kuchuja isotopu za kaboni-13, kuoanisha, kuchuja mistari, kujaza mapengo. Mchawi wake, mzwizard, hukupangia hatua hizo ukimwambia aina ya mashine na kromatografia.

Mpangilio unaoamua mambo ni kiwango cha kelele kwenye kutambua tungamo. Orbitrap na Q-TOF, aina mbili za spektrometa, hazitoi namba za ukubwa mmoja: kwa Q-TOF kelele huwa kwenye mamia au maelfu, kwa Orbitrap ni makumi ya maelfu na kuendelea. Ukiweka chini mno, programu inabeba mamilioni ya nukta za kelele, diski inajaa faili za muda, na kompyuta inaganda. Ukiweka juu mno, molekuli haba zinatoweka kimyakimya, na hilo ni baya zaidi kwa kuwa hakuna anayeliona. Halafu kuna kosa lililozoeleka sana: kutumia kiwango kimoja kwa MS1 na MS2. Vipande vya MS2 vina nguvu ndogo zaidi, hivyo MS2 iwe na hatua yake yenye kiwango cha chini. Ukiona spektra za MS2 zina mstari mmoja au miwili tu, anzia hapo.

Kompyuta. Windows, Mac na Linux. GB 16 za RAM ndizo zinazoleta utulivu kwa miradi ya kawaida, na SSD yenye nafasi husaidia kuliko prosesa mpya. Kuanzia toleo la 4 inahitaji akaunti ya mtumiaji. Kwa vyuo na taasisi zisizo za kibiashara ni bure, kampuni hulipia. Jisajili na uingie kabla ya kuipeleka kompyuta mahali ambapo mtandao ni wa shida.

Kutaja majina. Nguvu yake ni madaraja kwenda kwingine. Inatoa faili ya mgf na jedwali la csv moja kwa moja kwa mtandao wa molekuli wa GNPS, unaounganisha spektra zinazofanana, na nyingine kwa SIRIUS inayokisia fomula na muundo kutoka kwenye vipande. Kwa mimea ambayo kemikali zake nyingi hazimo kwenye maktaba yoyote, mtandao wa molekuli hukuonyesha angalau ndugu wa kitu kinachojulikana. Inasoma pia data za mwendo wa ayoni, kama za mashine za timsTOF.

Kurudia. Hifadhi batchi. Faili hiyo inabeba kila hatua na kila namba, na inaweza kuendeshwa kwa amri bila madirisha. Tatizo huja kwa anayebofya hatua moja moja, anabadilisha hiki na kile, kisha hakumbuki jedwali la mwisho lilitoka kwenye jaribio lipi. Jizoeze kuendesha batchi hata kwa jaribio dogo.

Inamfaa mkemia wa mazao asilia, anayeanza anayetaka kuelewa data yake, na maabara yenye mashine za aina mbalimbali.

## MS-DIAL

Kazi inavyokwenda. Unajaza maswali ya mwanzo, unachagua faili ya rejea ya kuoanishia (chagua QC, yaani mchanganyiko wa sampuli zote unaopitishwa kukagua ubora, ya katikati ya mfululizo, si ya kwanza ambayo kolamu ilikuwa bado haijatulia), kisha unaacha iende. Kati ya tatu hizi ndiyo inayokufikisha haraka kwenye jedwali lenye majina. Ilibuniwa hasa kwa DIA: inatenganisha vipande vilivyochanganyika na kuvirudisha kwa ayoni mama. Kwa GC-MS nayo inatenganisha spektra zilizopandana na kutumia fahirisi ya muda, ukiwa umepitisha mfululizo wa alkani au FAME (esta za methili za asidi za mafuta) kwenye mashine. Kwa hizo data mbili, wengine wawili wanaifuata nyuma.

Ukomo wa tungamo hapa unaandikwa kwa Da (dalton, kizio cha tungamo). MS1 inakuja na 0.01. Kwenye m/z 200 hiyo ni 50 ppm, kwenye m/z 1000 ni 10 ppm. Kwa mashine ya usahihi wa juu, ukomo huo ni mpana mno kwa molekuli ndogo, na majina ya uongo huingilia hapo.

Kompyuta. Madirisha yake ni ya Windows. Linux na Mac wana toleo la amri peke yake.

Kutaja majina. Ndipo inapong'ara, hasa kwa lipidi, kwa maktaba ya spektra zilizotabiriwa kwa kompyuta inayokuja nayo. Ila sema ukweli kuhusu kiyeyushi chako. Kwenye chaji hasi, fosfatidilkolini hubeba fometi (+44.998) au asetati (+59.014) kulingana na chumvi uliyotia kwenye kiyeyushi. Ukiacha chaguo la fometi wakati ulitumia asetati ya amonia, kundi zima la lipidi hizo litakosekana au litapewa majina yasiyo yake.

Angalia pia jina linaloanza na "w/o MS2:". Maana yake hakuna kipande hata kimoja kilichothibitisha. Ni m/z tu iliyolingana. Majina hayo yakiingia kwenye makala kama molekuli zilizotambuliwa, ni upotoshaji, hata kama haukukusudiwa. Katika ngazi nne za utambuzi zilizopendekezwa mwaka 2007, ngazi ya 1 inadai kiwango cha kemikali hiyo, yaani kemikali halisi safi ya kulinganishia, kilichopimwa kwenye mashine yako. Kulingana na spektra ya maktaba kunakufikisha ngazi ya 2.

Kurudia. Mipangilio inahifadhiwa na unaweza kuitoa kama maandishi. Udhaifu ni marekebisho ya mkono: ukibadilisha jina au kukata kilele upya kwa kipanya, andika pembeni ulichofanya na kwa nini.

Inamfaa anayefanya lipidi, GC-MS au DIA, na anayehitaji majina mapema bila kuandika msimbo.

## Molekuli moja, alama tatu

Chukua azadirachtin ya mbegu za mwarobaini, C35H44O16, tungamo 720.2629. Anayetafuta [M+H]+ kwenye 721.270 anaweza kuambulia patupu, kwa sababu molekuli hii kwenye chaji chanya huonekana zaidi ikiwa imebeba sodiamu, 743.252, au ikiwa imepoteza maji ndani ya chanzo cha ayoni, 703.260. XCMS itakupa alama hizi kama vitu tofauti hadi uziunganishe kwa CAMERA au kwa groupFeatures. MZmine huziunganisha kwa kufananisha umbo la vilele, ukiwasha hatua ya utambulisho wa ayoni. MS-DIAL huzitambua endapo tu adakti hizo (maumbo ya ayoni ya molekuli ileile) umezitia tiki kwenye mipangilio, na wengi huacha [M+H-H2O]+ bila tiki. Ayoni ya sodiamu kwa kawaida huvunjika vibaya, hivyo usishangae maktaba ikikaa kimya juu yake. Tafuta ile iliyopoteza maji.

## Baada ya jedwali, sheria ni zilezile

Hakuna programu kati ya hizi inayoweza kuokoa jaribio lisilo na QC. Changanya kiasi sawa kutoka kila sampuli, pitisha mchanganyiko huo mara 5 hadi 10 mwanzoni ili kolamu itulie, kisha baada ya kila sampuli 5 hadi 10. Sampuli zenyewe zipangwe kwa bahati nasibu. Wagonjwa wote wakipita asubuhi na wazima jioni, hutajua kama unaona ugonjwa au mashine iliyochoka.

Kwenye jedwali, ondoa alama ambazo wastani wake kwenye QC haujafika mara 3 hadi 5 ya sampuli tupu (iliyopita hatua zote bila kitu cha kupimwa). Rekebisha kuyumba kwa mashine ukifuata mkunjo wa QC, kisha ondoa zenye RSD (mkengeuko sanifu kama asilimia ya wastani) inayozidi asilimia 30 kwenye QC. Mapengo yaliyobaki usiyajaze sifuri: sifuri inadai molekuli haipo, wakati huenda iko chini ya uwezo wa mashine, na ukichukua logi inakuvurugia kila kitu. Mkojo unahitaji kusawazishwa kwa njia kama PQN, inayorekebisha ukolezi wa sampuli nzima, maana aliyekunywa maji mengi ana kila kitu kilichopungua.

Kwenye takwimu, ukipima alama 4000 kwa p chini ya 0.05, takriban 200 zitaonekana "muhimu" hata kama makundi hayatofautiani kabisa. Tumia marekebisho ya Benjamini na Hochberg, yanayodhibiti idadi ya matokeo ya uongo. PLS-DA, modeli ya kutenganisha makundi unayoyajua, ina hatari yake: ukiwa na watu kumi kwa kumi na alama elfu tatu, itatenganisha makundi hata ukiyapa majina kwa kura. Picha yenye duara mbili zilizoachana haithibitishi chochote bila jaribio la kuchanganya majina mara 1000 na uthibitishaji mtambuka. Na sampuli moja iliyopitishwa mara tatu ni sampuli moja; chukua wastani kwanza, maana marudio yake yakigawanyika kati ya kundi la kufunzia na la kupimia, modeli inafanya mtihani uliokwisha kuona majibu.

## Kwa hali yako

Una lipidi, au DIA, au GC-MS: anza na MS-DIAL, na uhakiki kwa macho kila jina litakaloingia kwenye makala.

Unatafuta molekuli mpya kwenye mimea, kuvu au bakteria, una DDA: MZmine, kisha GNPS na SIRIUS.

Una sampuli mamia, seva, na mtu anayeandika R: XCMS. Akiondoka mtu huyo na hakuna mrithi, skripti itabaki bila msomaji, kwa hiyo mfundishe mwingine mapema.

Una MS1 tupu na huna MS2: MZmine au XCMS zote zitatosha. Majina yatabaki ya kukisia popote uendapo, na pesa ya ziada ni bora iende kwenye viwango vya kemikali.

Una Mac au Linux na hutaki amri: MZmine.

Hujui takwimu uzifanyie wapi: MetaboAnalyst inapokea jedwali la yoyote kati ya hizi kupitia kivinjari. Data za wagonjwa zisipakiwe na majina wala namba za hospitali, na ile historia ya amri za R inayokupa mwishoni ipakue kabla ya kufunga ukurasa.

Bado umekwama kati ya mbili? Chukua faili sita: QC tatu, sampuli mbili na tupu moja. Andika orodha ya molekuli 10 hadi 20 unazojua zimo, pamoja na viwango vya ndani ulivyotia mwenyewe. Endesha faili hizo kwenye programu zote mbili, kila moja ikiwa na mipangilio uliyoirekebisha kwa upana wa vilele vyako. Hesabu ngapi zimepatikana, ngapi zimekatwa vipande viwili, na RSD ya eneo lake kwenye zile QC tatu ni kiasi gani. Ni kazi ya siku moja au mbili, na majibu yake yanahusu mashine yako na sampuli zako.